Namba nasibu kubwa: kompyuta inaitoa wapi namba ambayo hakuna mtu wa kuibashiri?

Ufunguo wa siri kwenye kompyuta ni namba tu jamani. Hamna chuma pale wala nini, ni namba ndefu ambayo wewe unayo na mwenzio hana. Ule wa biti 256 (biti moja ni 0 au 1) ukiuandika kwa tarakimu zetu za kawaida unafika tarakimu 78, na namba ya RSA, aina nyingine ya ufunguo, ya biti 2048 inafika tarakimu 617, hiyo hata kuikopi kwa mkono bila kukosea ni kazi. Sasa swali ambalo wengi huwa hatujiulizi ni kwamba hiyo namba imetoka wapi, maana kompyuta haina bahati, ni mashine inayofanya ilichoambiwa, ukiiuliza mbili jumlisha mbili leo inakupa nne na mwakani inakupa nne. Mashine ya namna hiyo unaiambiaje "nitajie namba yoyote" halafu itaje namba ambayo hata fundi aliyeitengeneza hawezi kuibashiri?

Namba ya hivyo ndiyo inaitwa namba nasibu. Na hapa ndipo watu wanapochanganya, wanadhani unasibu ni sura ya namba, yani ikionekana imevurugika vurugika basi ni nasibu. Hapana. 7 inaweza kuwa nasibu na 48392017 isiwe. Huwezi kujua kwa kuitazama, unajua kwa kuuliza ilipatikanaje.

Chukulia mchezo wa upatu wa mtaani. Mko kumi na mbili, mnataka kujua nani aanze kupokea, kijumbe anaandika vikaratasi, anavikunja, anavitia kwenye kopo, anatikisa, kila mtu anachukua chake. Sasa kijumbe akiamua kuringa, badala ya kuandika 1 mpaka 12 akaandika kwenye kila kikaratasi namba yenye tarakimu 78. Je, imekuwa ngumu zaidi kubashiri? Hata kidogo. Vikaratasi bado ni 12, na aliyechungulia wakati vinaandikwa ana machaguo 12 tu ya kujaribu, urefu wa namba umemshangaza kwa sekunde mbili basi. Hilo kopo lishike akilini, maana karibu kila balaa la namba nasibu ninalolijua ni la namba ndefu iliyotoka kwenye kopo lenye vikaratasi vichache.

Nikupe la kwangu mwenyewe. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi, jamaa mmoja aliandika kodi (sio ya nyumba, ni maelekezo ya programu) ya kutengeneza linki ya kubadilisha nywila, ile unayotumiwa kwenye imeili ukisahau. Linki ilikuwa na tokeni, yani mfululizo wa siri wa kuthibitisha ni wewe, ya herufi 40, herufi kubwa, ndogo na tarakimu zimechanganywa. Ukipiga hesabu, herufi 40 kutoka kwenye alama 62 ni machaguo mengi mpaka idadi yake yenyewe ina tarakimu 72. Jamaa alikuwa na raha kabisa, anasema bro hii hata NASA hawaipati. Nikafungua faili, juu kabisa nikakuta ameandika mt_srand(time()). Hapo ndipo kikombe cha chai nilikiweka chini.

Maana yake ni hii. Programu nyingi zina mtambo wa kutoa namba unaoonekana kama wa bahati lakini ni hesabu tupu, unaupa namba moja ya kuanzia, tunaiita mbegu, halafu kutoka kwenye hiyo mbegu unatema namba nyingine na nyingine bila kuchoka. Mbegu ile ile, mazao yale yale, herufi kwa herufi. Yeye mbegu yake ilikuwa saa, yani idadi ya sekunde tangu mwaka 1970. Siku nzima ina sekunde 86,400, kwa hiyo tokeni zote zinazoweza kuzaliwa siku hiyo ni 86,400, zile tarakimu 72 zimeyeyuka. Na huhitaji hata siku nzima! Niliomba kubadilisha nywila ya akaunti yangu, imeili ikaja, na kwenye vichwa vya imeili pale juu pameandikwa ilitumwa saa ngapi mpaka sekunde. Nikachukua sekunde hiyo, nikarudi nyuma sekunde tano, nikaenda mbele tano, nikaendesha kodi yake ile ile kwenye laptopu yangu, na kwenye orodha ya tokeni kumi na moja yangu ilikuwemo. Sasa mtu mbaya haombi ya akaunti yake, anaomba ya bosi, na saa aliyobonyeza kitufe anaijua kwa sababu kabonyeza mwenyewe.

Kuna na tatizo la pili hapo. Hata mbegu ingekuwa nzuri, ule mtambo wenyewe, Mersenne Twister, haukutengenezwa kwa kazi ya siri. Ni mzuri kwa magemu na majaribio ya takwimu, una mzunguko mrefu ajabu kabla haujarudia, ila ukizipata namba 624 za biti 32 zinazofuatana unaweza kujua hali yake ya ndani nzima na kutabiri zote zinazofuata. Random ya kawaida ya Python, lugha ya kuandikia programu, ni mtambo huo huo. Math.random ya JavaScript, lugha nyingine, ni mtambo mwingine lakini tabia ni moja, sio wa kuutegemea kwa siri yoyote.

Kwa hiyo programu za usimbaji, yani za kuficha siri, zinataka vitu viwili kwa mpigo. Kwanza mbegu itoke sehemu ambayo haibashiriki kweli, pili mtambo wa kuikuza hiyo mbegu uwe wa namna ambayo hata ukiona mazao yake milioni huwezi kurudi nyuma kuipata mbegu wala kwenda mbele kulijua zao linalofuata.

Cha kwanza kinaitwa entropi, na kinatoka nje ya hesabu. Kerneli ya Linux kwa mfano, yani kiini cha mfumo endeshi huo, inasikiliza fujo za mashine yenyewe: ni nano sekunde ngapi zimepita kati ya kubonyeza kitufe kimoja na kingine, pakiti za mtandao zimeingia lini hasa, diski imejibu baada ya muda gani, na prosesa za siku hizi zina kijisehemu ndani kinachopima mtetemo wa joto wa umeme, Intel waliuleta mwaka 2012 kwa amri inayoitwa RDRAND. Hakuna hata kimoja hapo kinachoaminiwa peke yake, vyote vinasagwa pamoja kama mboga ya kisamvu, na kilichotoka ndio mbegu. Halafu mtambo wa kuikuza ni ChaCha20, hesabu ya usimbaji. Kuna jamaa wa Cloudflare, kampuni ya huduma za intaneti, ofisini kwao San Francisco wameweka ukuta wa taa za lava, zile zenye mabonge ya nta yanayopanda na kushuka, kamera inapiga picha na picha zinachangia kwenye mbegu zao. Watu wanapenda sana kulisimulia hilo, mi naona nusu yake ni pambo, lakini pambo la kweli.

Swali linaloulizwa sana: je, entropi inaisha? Kwamba ukichota namba nyingi kopo linabaki tupu? Huu uvumi umewatesa watu miaka mingi, seva zimekaa zikisubiri /dev/random, mlango wa Linux wa kuchotea namba nasibu, huku mlango wa pili /dev/urandom uko pale pale inatoa kitu kile kile. Ukishakuwa na biti 256 za mbegu isiyojulikana, zinatosha kuzalisha namba za maisha yote, hazipungui kwa kuchotwa. Hatari ipo mwanzoni tu, mashine ikiwa ndo imewashwa na haijakusanya kitu, ndiyo maana mwaka 2014 Linux wakaleta amri ya getrandom, ambayo inakugomea mpaka mbegu iwe tayari, baada ya hapo haikusumbui tena.

Sasa tuje kwenye kisa ambacho kila mtu wa fani hii anakijua. Mwaka 2006 mtu aliyekuwa anatunza OpenSSL, programu ya usimbaji, upande wa Debian, aina moja ya Linux, alikuwa anaondoa malalamiko ya Valgrind, kifaa cha kukagua kumbukumbu, kilikuwa kinapiga kelele kwamba kuna laini zinasoma kumbukumbu ambayo haijaandikwa kitu. Akazizima laini mbili. Moja kati ya hizo ndiyo iliyokuwa inamimina entropi yote ndani ya kopo. Kuanzia hapo kitu pekee kilichobaki kubadilika kwenye mbegu ni namba ya prosesi, ile inayopewa kila programu ikianza, na kwenye Linux ya wakati ule kawaida yake iliishia 32,768. Basi. Ufunguo wa SSH, ule wa kuingilia kwenye seva ukiwa mbali, wa biti 2048 uliotengenezwa kwenye Debian au Ubuntu kipindi hicho ulikuwa mmoja kati ya vikaratasi elfu thelathini na kitu kwa kila aina ya ufunguo na aina ya mashine. Ilikuja kugundulika Mei 2008, na haikuchukua muda watu wakawa wameshazitengeneza funguo zote zinazowezekana na kuziweka hadharani. Miaka karibu miwili, programu haikukwama hata siku moja, haikutoa eraa hata moja, funguo zilikuwa zinaonekana nzuri tu. Hilo ndilo linalonitisha kwenye mambo haya, mtambo wa namba ukiharibika hautoi moshi.

Kwa RSA kuna hatua ya ziada, huchukui namba yoyote, unataka namba tasa mbili kubwa, mara nyingi za biti 1024 kila moja, ambazo ni siri, ukizizidisha unapata ile namba ya biti 2048 inayowekwa wazi. Zinapatikanaje? Kwa kubahatisha na kupima, hamna ujanja mwingine. Unachota biti 1024 nasibu, biti ya juu unailazimisha iwe 1 ili namba isipungue ukubwa, ya chini kabisa nayo 1 ili iwe witiri, halafu unapima kama ni tasa. Kwa ukubwa huo, karibu namba moja kati ya witiri 355 ndiyo tasa, kwa hiyo unarusha wee mpaka ipatikane, na kompyuta inafanya hivyo kabla hujamaliza kupiga chafya. Kupima nako haigawanyi kwa kila kitu, inaanza na 3, 5, 7 na wenzake kuziondoa zile za wazi, halafu inatumia jaribio la Miller na Rabin ambalo kila raundi namba ya uongo ina nafasi isiyozidi moja kati ya nne ya kupenya, unarudia raundi mpaka nafasi inakuwa upuuzi.

Sasa kopo likiwa na vikaratasi vichache hapa kuna balaa la aina yake. Mwaka 2012 watafiti walikusanya mamilioni ya funguo za wazi kutoka intaneti nzima na kukuta vifaa vingi, hasa marauta na vidude vidogo vidogo vinavyojitengenezea ufunguo punde tu baada ya kuwashwa, vimegongana kwenye namba tasa moja. Mbegu zao zilifanana mwanzoni, tasa ya kwanza ikawa ile ile, ya pili ikatofautiana. Tazama ubaya wake kwa namba ndogo. Rauta A ina 10403, rauta B ina 10807, na namba hizi ziko wazi kila mtu anaziona. Kuzivunja moja moja kwa ukubwa halisi haiwezekani. Lakini ziweke pamoja: 10807 toa 10403 ni 404. 10403 gawa kwa 404 inabaki 303. 404 gawa kwa 303 inabaki 101. 303 gawa kwa 101 haibaki kitu. Umeshapata, 101 ndiyo wanayoshirikiana, kwa hiyo A ni 101 mara 103 na B ni 101 mara 107, funguo zote mbili zimefunguka kwa hesabu ya kigawo kikubwa cha shirika, ile ya darasani, na inafanya kazi hivyo hivyo kwa tarakimu 617.

Sony nao kwenye PlayStation 3, sahihi ya ECDSA, njia ya kusaini kwa hesabu ili programu ijulikane ni yao, inadai namba mpya ya siri kila unaposaini, wao walitumia ile ile kila mara, na Desemba 2010 ikaonyeshwa jukwaani Berlin kwamba ufunguo wao unapatikana kwa aljebra ya kawaida.

Kitu kimoja kidogo ambacho hata wazoefu wanakikosea. Umepata baiti nzuri kabisa kutoka kwa kerneli, 0 mpaka 255, unataka tarakimu moja ya OTP, ile namba ya uthibitisho ya mara moja, unagawa kwa 10 na kuchukua baki. Inaonekana sawa ila 256 haigawanyiki sawa kwa 10, tarakimu 0 mpaka 5 zina njia 26 za kutokea na 6 mpaka 9 zina 25. Kopo limeegemea upande. Dawa yake ni kutupa, ukipata 250 au zaidi itupe uchote nyingine. Ila usiandike mwenyewe bwana, zipo tayari: PHP, lugha ya yule jamaa wa tokeni, ina random_int na random_bytes, Python ina secrets, JavaScript ina crypto.getRandomValues. Na kama huiamini mashine kabisa chukua dadu, rusha mara 100, una karibu biti 256 mezani kwako bila umeme.

Yule jamaa wa tokeni tulimrekebishia kwa laini moja tu, random_bytes, kazi ya dakika mbili. Kilichotuchukua usiku ni kwamba kurekebisha kodi hakurekebishi namba zilizokwisha kuzaliwa, kama Debian ambako ilibidi watu wasake funguo mbovu hata kwenye seva ambazo hazijawahi kuendesha Debian, maana mtu alitengenezea ufunguo kwenye laptopu yake akaukopi huko. Na sisi ikabidi tufute tokeni zote ambazo hazijatumika, na asubuhi yake simu zikaanza, mama mmoja akauliza mbona linki mliyonitumia jana haifunguki, nikamwambia samahani mama, tunakutumia nyingine sasa hivi.