Je, wajua kwa nini pikapu ya lita 2.4 huipita ya lita 4.2 kwenye mlima wa Timboroa?

Swali hili huzua ubishi katika gereji za Kenya kuanzia Nakuru hadi Kisumu, na kwa kawaida ubishi hukatwa na mtu anayefungua boneti, akaonyesha ukubwa wa injini, kisha akaondoka kana kwamba kesi imeamuliwa. Upande mmoja kuna Toyota Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ: silinda sita, CC 4,164, haina turbo. Upande wa pili kuna Toyota Hilux yenye injini ya 2GD: silinda nne, CC 2,393, ina turbo. Kwa lita ni 4.2 na 2.4: tarakimu ni zilezile, ila zimegeuzwa. Zipakie kila moja tani moja ya viazi vya Molo, uziachilie zipande kuelekea Timboroa. Hilux itafika juu kwanza, na dereva wake hatakuwa amehangaika na gia.

Anayeamini CC hana kosa kubwa. Enzi za pikapu zisizokuwa na turbo, kipimo hicho kilitosha: zote zilivuta hewa ileile kwa njia ileile, kwa hiyo tumbo kubwa lilimaanisha nguvu zaidi. Lakini CC ni kipimo cha nafasi tu, yaani ujazo ambao pistoni zote hufagia zikitoka juu hadi chini. Haisemi ni nini kimeingia katika nafasi hiyo. Dizeli haiungui peke yake. Kila kilo ya dizeli inahitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na kwa kuwa ndani ya silinda hewa na dizeli havichanganyiki sawasawa, watengenezaji huacha ziada, mara nyingi kilo 18 au zaidi, ili moshi mweusi usitoke. Hivyo basi anayetafuta nguvu katika injini ya dizeli anatafuta kilo za hewa. Lita za nafasi ni chombo tu cha kuzibebea.

Tazama takwimu za watengenezaji wenyewe. 1HZ hutoa kilowati 96, na torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ni Nm (nyutoni-mita) 285 kwenye raundi 2,200 kwa dakika. 2GD hutoa kilowati 110 na torki ya Nm 400 kati ya raundi 1,600 na 2,000. (Uliza kwanza: katika baadhi ya masoko 2GD ya pikapu za bei ya chini imepunguzwa hadi Nm 343, na boneti haitakuambia.) Wapinzani nao wamekwenda njia hiyohiyo. Isuzu D-Max ya RZ4E ina CC 1,898 tu na hutoa Nm 350. Nduguye wa lita 3.0, 4JJ3, hutoa 450. Mitsubishi L200 ya lita 2.4 ni 430, Nissan Navara ya lita 2.3 yenye turbo mbili ni 450, na Ford Ranger ya lita 2.0 yenye turbo mbili ni 500. Kwa namba tupu, hakuna hata moja iliyo chini ya ile lita 4.2.

Na kama bado kuna anayesema injini ndogo ni ya magari ya mjini, Toyota wenyewe walimjibu mwaka 2023 walipoweka injini ya lita 2.8, silinda nne, ndani ya Land Cruiser 79. Katika soko la Australia injini hiyo ilisimama kando ya V8 ya dizeli ya lita 4.5. V8 ilikuwa na Nm 430, na ile ndogo Nm 500. Kilowati zilipishana kwa moja tu, 151 kwa 150.

Siri ni turbo, na wengi wanaitaja bila kueleza inachofanya. Mfikirie mhunzi wa jua kali anayepasha chuma moto kwa makaa. Akiacha makaa yajiwakie kwa upepo wa kawaida, rundo kubwa litatoa joto kuliko rundo dogo, basi. Lakini mhunzi ana kile kifeni chake kilichofungwa kwa mkanda kwenye rimu ya baiskeli. Kijana akizungusha rimu, rundo dogo linageuka jeupe na chuma kinalainika haraka kuliko kwenye rundo kubwa lisilopulizwa. Sasa fanya badiliko moja: mwondoe yule kijana, uache hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye makaa yenyewe iizungushe rimu. Moto ukiwa mkubwa, feni inapuliza kwa nguvu. Feni ikipuliza, moto unazidi. Hiyo ndiyo turbo. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu dogo, na ekseli yake huzungusha jingine linalosukuma hewa safi ndani, kwa kasi inayopita raundi 100,000 kwa dakika. Mfano huo unaonyesha udhaifu wake pia. Moto ukiwa bado mchanga, hakuna wa kuzungusha rimu, na rundo dogo linabaki kuwa rundo dogo. Hilo tutalirudia.

Turbo ikisukuma hewa hadi mara 2.3 ya mgandamizo wa nje, lita 2.4 zinabeba hewa ya lita 5.5 hivi. Hewa iliyobanwa hupata moto, huweza kupita nyuzi 100, na hewa ya moto hutanuka. Ndiyo maana kuna intakula, ile rejeta ya hewa, ya kuipooza kabla haijaingia. Hasara ya joto ikitolewa, bado zinabaki kama lita 5. Kwa hesabu ya hewa, basi, pikapu ndogo ndiyo yenye injini kubwa.

Mwinuko wa nchi unaongezea tofauti hiyo. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa pale ni takriban asilimia 87 ya ule wa Mombasa. Nakuru, mita 1,850 hivi, ni asilimia 80. Timboroa, mita 2,740, ni karibu 72. (Reli iliyo karibu na hapo hupanda hadi mita 2,784, na kwa miaka mingi ilitajwa kuwa ya juu kuliko zote katika Jumuiya ya Madola, jambo ambalo abiria waliokuwa wakitetemeka kwa baridi huenda hawakulifurahia.) Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu sambamba na hewa, takriban asilimia 1 kwa kila mita 100. Zile Nm 285 zinakuwa kama 205, na kilowati 96 zinakuwa kama 69. Turbo nayo huathirika, lakini hujitetea: mgandamizo wa nje ukishuka, gurudumu lake huzunguka kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya pengo, mpaka ifike kikomo ambapo kompyuta hupunguza dizeli ili isijivunje.

Halijoto huchanganya hesabu kidogo. Hewa ya Kisumu saa nane mchana, nyuzi 30, ni nyepesi kuliko mgandamizo wake unavyoonyesha, na ile ya Timboroa alfajiri ni nzito kiasi. Kwa hiyo pengo halisi kati ya miji hiyo miwili, kwa injini isiyo na turbo, ni kama asilimia 12 badala ya 17.

Weka hayo kwenye barabara. Gari na mzigo tani 3, mwinuko wa asilimia 6, kilomita 80 kwa saa. Kuinua uzito peke yake kunakula kilowati 39, tairi kama 8, upepo kama 6. Ukijumlisha kinachopotelea kwenye giaboksi na dif, injini lazima itoe karibu 60. Hilux kwenye raundi 2,000 ina kama kilowati 84 ikiwa chini, na hata ikipoteza sehemu ya kumi kileleni bado inazo 75. 1HZ kwenye raundi 2,200 ina 66 ikiwa pwani, na 47 tu Timboroa. Haitoshi. Dereva anashuka gia hadi raundi zipite 3,000, kelele zinajaa kebini, na nyuma foleni inaanza. Kumbuka pia kwamba Land Cruiser yenyewe ni nzito zaidi hata kabla ya kupakiwa.

Sasa ni haki Land Cruiser itetewe, kwa sababu polisi na mashirika hawainunui kwa ujinga.

Chini ya raundi 1,500 hivi, ule moto mchanga wa mhunzi unaonekana. Pikapu ya turbo ikianza kupanda kutoka kusimama, imejaa, kwenye matope ya barabara za miwa za Muhoroni, ni lita 2.4 tu zinazovuta hewa nyepesi. Ukiachia klachi mapema inazima. Ukiilazimisha kwa raundi nyingi, klachi inanuka. 1HZ huondoka kwenye raundi 1,000 bila kulalamika. Dawa kwa mwenye turbo ni kuingiza 4L, ile gia nzito ya magurudumu yote manne, mapema, kabla ya kukwama: gia hiyo huzidisha torki kwa takriban mara 2.5. Ila si kwenye lami kavu.

Na kuteremka ni kinyume cha kupanda. Breki ya injini, yaani injini kulizuia gari ukiachia mafuta, hutegemea CC na raundi. Turbo haisaidii chochote. Kutoka Mau Summit kuja Salgaa, lita 4.2 hushikilia mzigo vizuri, lakini lita 1.9 haina hata nusu ya mshiko huo. Shuka gia moja zaidi ya unavyodhani unahitaji, tena ufanye hivyo kabla mteremko haujaanza. Pikapu iliyopanda kama mchezo ndiyo inayochoma breki ikishuka.

Kuhusu mafuta, injekta ya 1HZ, yaani kinyunyizio chake cha dizeli, hufunguka kwa mgandamizo wa bar 150 hivi. Zile za kisasa hufanya kazi kwa bar 1,600 hadi zaidi ya 2,000. Chembe ya mchanga au tone la maji ambalo 1HZ itakohoa na kulitema, kwenye injekta ya kisasa hukwangua chuma. Mwaga maji kwenye kichujio cha dizeli mara taa yake inapowaka, usingoje sevisi. Lakini usiamini pia kwamba 1HZ haina cha kuharibika. Ina mkanda wa taimini unaopaswa kubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000, kulingana na mwaka na soko, ilhali 2GD na RZ4E hutumia cheni. Na fundi akikushauri kuifungia turbo ya dukani, kataa au mtafute anayejua hesabu: injini hiyo hubana hewa zaidi ya mara 22, 2GD mara 15.6 tu. Ukiongeza hewa iliyobanwa juu ya hiyo, joto linaweza kupasua silinda hedi. Kuongeza dizeli kwenye pampu bila kuongeza hewa ni kununua moshi mweusi.

Pikapu ya turbo ikipoteza nguvu Kapsoit, kule Kericho, na kutoa moshi mweusi, usikimbilie kununua turbo. Anza na kichujio cha hewa, hasa kama inatembea murram. Kisha kagua paipu za mpira kati ya turbo na intakula. Injini ikinguruma tu pale gereji hakuna mgandamizo wa maana, kwa hiyo mpasuko hausikiki. Pitisha mkono upande wa chini wa paipu, ambako macho hayafiki. Ukikuta mafuta na vumbi vimegandana karibu na klipu, umeupata. Fundi makini huziba ncha, hupuliza hewa ya kompresa isiyozidi bar 1, kisha hupaka maji ya sabuni. Paipu ya shilingi elfu chache imewahi kuuza turbo nyingi sana.

Unapolinganisha pikapu mbili za kununua, linganisha mzigo ule ule. Kanuni za Kenya za mwaka 2019 ziliweka gunia la viazi kuwa kilo 50, lakini lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi, haikufa siku hiyo, na anayesema yake ilibeba magunia 15 hajakuambia kitu mpaka aseme ni magunia gani. Pima kwenye mizani, tia gia ya tatu kwenye mlima, shusha raundi hadi 1,200, kisha kanyaga mafuta yote. Turbo nzima huamka kabla ya 1,800. Ikichelewa mpaka 2,300, muulize muuzaji lini paipu zilibadilishwa, halafu uinamie uvungu ujionee.