Kura chache mtaani si ushahidi kwamba kabila fulani halijali
Baada ya uchaguzi wa jiji, husikika hoja kwamba mtaa unaokaliwa zaidi na kabila fulani ukipiga kura chache, basi watu wa kabila hilo hawajali siasa. Hoja hiyo ina kasoro, tena inawaumiza watu bure. Takwimu ya mtaa haisemi ni nani aliyekwenda kituoni. Mwaka 1950, mwanasosholojia W. S. Robinson alionyesha kwa takwimu za sensa ya Marekani ya 1930 kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi yaliongoza kwa watu wanaojua kusoma, ilhali wahamiaji wenyewe, mmoja mmoja, walikuwa nyuma ya wazawa.

Kigawanyo nacho, yaani idadi ya watu ambayo kura hugawanywa kwayo, husahaulika. Chukulia mtaa una watu wazima 10,000, ambao 3,000 kati yao si raia, na kura zilizopigwa ni 3,500: ukigawanya kwa watu wazima wote unapata asilimia 35, lakini ukigawanya kwa wenye haki ya kupiga kura unapata asilimia 50. Zaidi ya hayo, vijana hupiga kura kidogo kuliko wazee katika nchi nyingi, na wapangaji wanaohamahama mara nyingi majina yao hubaki kwenye daftari la mtaa wa zamani.