Je, Wajua Kwa Nini Muda wa Bure Usiotarajiwa Huwa Mgumu Kuutumia?

Mtu aliyelalamika miezi mingi kwamba hapati hata saa moja ya kujifunza gitaa au kuchora, siku anapopata wiki nzima ya bure bila kutarajia, labda kazi imesimama au anauguza mguu uliovunjika, aghalabu huimaliza wiki hiyo kwa kulala mchana na kuperuzi simu. Wengi huuita uvivu. Nadhani tunajionea bure, kwani akili inayonyang'anywa ratiba yake ghafla haikai ikitafakari mipango mizuri, bali hudaka chochote kilicho karibu.

Mwaka 2014 mwanasaikolojia Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, nchini Marekani, na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu waliachwa chumbani peke yao na mawazo yao. Katika jaribio moja, lililodumu dakika 15, kila mmoja alikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme, shoti ambayo awali walikuwa wameionja na kusema wangelipa pesa ili wasiipate tena. Hata hivyo, wanaume 12 kati ya 18 na wanawake 6 kati ya 24 walikibonyeza. Kitufe ndicho kilichokuwepo, basi wakabonyeza kitufe. Majumbani mwetu iliyopo ni simu.

Tukilitazama jambo hili hivyo, swali si mtu ana kipaji gani, bali ni kitu gani kiko mahali mkono wake unapofika. Henri Matisse, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1869 na kuja kuwa mchoraji mashuhuri, alikuwa karani katika ofisi ya wakili alipougua kidole tumbo akiwa na umri wa miaka 20 hivi, na katika siku za kupata nafuu mama yake akamletea kisanduku cha rangi. Frida Kahlo, mchoraji mwingine mashuhuri, wa Mexico, alikuwa na miaka 18 alipoumizwa vibaya katika ajali ya basi mnamo Septemba 1925. Mama yake aliagiza atengenezewe kishikilio cha turubai ambacho angeweza kukitumia akiwa amelala, na juu ya kitanda kikawekwa kioo, naye akaanza kuchora uso alioweza kuuona, yaani wake mwenyewe. Inafaa kuangalia kwamba katika visa vyote viwili mgonjwa aliletewa kifaa, hakupewa ushauri.

Kifaa kikishapatikana, ugumu wa kazi nao una neno lake. Mihaly Csikszentmihalyi, aliyechunguza kwa miaka mingi hali ya mtu kuzama katika shughuli hata akasahau saa, alieleza kwamba hali hiyo hutokea pale changamoto inapolingana na uwezo, kwa kuwa jambo rahisi mno huchosha na lililo gumu mno hutia wasiwasi. Chukua kikombe, ukiweke mezani na ujaribu kukichora kwa penseli. Mkono utataka kuchora mdomo wa duara kamili, maana unajua kikombe ni cha duara, ilhali jicho linaona umbo lililobanwa kama yai. Ukifuata unachokijua, kikombe kitaonekana kinakuangukia. Ukifuta na kurudia mara tatu au nne, umbo litaanza kutulia, na huenda nusu saa ikawa imepita bila wewe kuikumbuka simu.

Kwa nini basi shughuli nyingi za namna hii hufa kazi inaporejea? Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London ulionyesha kwamba jambo jipya la kila siku lilichukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, wengine wakifika huko kwa siku 18 na wengine wakikadiriwa kuhitaji 254. Wiki moja ya bure haitoshi, na aliyeizoesha akili yake kuchora saa tano kwa siku hatazipata tena Jumatatu. Aliyezoea kikombe kimoja baada ya chakula cha jioni ataendelea nacho, mradi penseli na karatasi zibaki pale pale mezani.