Sindromu ya Down ni nini?

Sindromu ya Down ni hali anayozaliwa nayo mtu ambaye seli zake zina kromosomu moja ya ziada. Kromosomu ni nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba maelekezo ya urithi. Kwa kawaida kila seli huwa na kromosomu 46 katika jozi 23. Mwenye sindromu hii huwa nazo 47, kwa kuwa kromosomu namba 21 zimekuwa tatu badala ya mbili. Jina hilo limetokana na daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza hali hii mwaka 1866, ingawa chanzo chake kilikuja kufahamika mwaka 1959.

Mara nyingi ziada hiyo hutokea pale kromosomu zinaposhindwa kuachana wakati yai au mbegu inapoundwa. Haisababishwi na chochote alichokula, alichokiona wala alichokitenda mama mjamzito, na inafaa wazazi waambiwe hivyo waziwazi siku ileile wanapopewa taarifa, maana wapo wanaobeba kwa miaka mingi lawama isiyo yao. Uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea, lakini wanawake vijana nao huzaa watoto wenye hali hii.

Kwa kuwa si ugonjwa, haiambukizi wala haina dawa ya kuiondoa, msaada wake ni mpana kuliko matibabu. Takriban nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, kwa hiyo moyo hupimwa mapema hata mtoto akionekana mzima; masikio, macho na tezi ya shingoni hufuatiliwa maisha yote.

Misuli yao huwa legevu, ndiyo sababu huchelewa kukaa, kutembea na kutamka maneno, na mazoezi ya viungo huanza tangu uchanga. Kuhusu usemi, watu wengi hukosea: mtoto huelewa mengi kuliko anayoweza kuyatamka, na kufundishwa ishara za mikono humpa njia ya kueleza anachotaka kabla ulimi haujawa mwepesi, bila kumzuia kujifunza kuongea.

Mtoto huyo hukua, na wengi sasa huishi hata kufikia miaka 60. Hata hivyo, bado kuna wahudumu wa afya wanaomuuliza mama, "Anaumwa wapi?" ilhali mgonjwa mwenyewe, mtu mzima, ameketi mbele yao. Aulizwe yeye kwanza, kwa maneno mepesi, kisha apewe muda wa kujibu.