Moyo umesimama, nanyi mnatafuta kitunguu

Moyo kusimama ni nini?
Ni moyo kuacha kusukuma damu. Mtu anaanguka, ukimwita haitiki, hapumui au anavuta pumzi mojamoja kama anayekoroma. Mkoromo huo si kupumua. Narudia: si kupumua, na usingoje uishe.

Tumpepee na kumwagia maji kwanza?
Hapana. Hapa hospitalini Tanga nawapokea wagonjwa wamekunjwa kwenye bajaji, shati limelowa chapa, kijiko kati ya meno, harufu ya kitunguu puani. Vifungo vya shati vyote vimefungwa: hakuna aliyegusa kifua. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba. Ndani ya dakika 4 hadi 6 bila damu, seli zake huanza kuharibika.

Je, tukimkimbiza hospitali?
Piga hesabu mwenyewe, kutoka Pongwe mpaka hospitali ya Bombo ni dakika ngapi? Mmoja atafute usafiri, wewe bonyeza kifua hapohapo alipoangukia.

Damu ikirudi si amepona?
Bado. Seli zilizokosa oksijeni zikiipata tena ghafla hushindwa kuitumia sawasawa. Huzalisha chembe kali za oksijeni zinazounguza kuta za seli, na kuta hizo kwenye ubongo zimejaa mafuta. Wataalamu huuita msongo wa oksidi. Madhara huendelea kwa saa nyingi, hata siku, baada ya moyo kuanza kudunda. Kwa hiyo msitugombeze tunapopunguza oksijeni, tukilenga oksijeni ya damu iwe asilimia 94 hadi 98 kwenye kipimo cha kidole. Ikizidi nayo inadhuru. Homa vilevile tunaizuia. Vidonge vya vitamini mnavyoleta na uji havirudishi seli iliyokufa.

Akiamka atakuwa kama zamani?
Wengine ndiyo. Lakini sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu huumia mapema. Baba mmoja alimtambua mkewe vizuri, kisha akauliza chai yake iko wapi huku kikombe kikiwa mkononi mwake. Aliuliza hivyo asubuhi nzima.

Nikimvunja mbavu?
Mbavu huunga. Mlaze chali mahali pagumu, si kitandani. Weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyoosha mikono, bonyeza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara.

Na aliyezama baharini?
Wavuvi wetu wa Sahare, nawaomba sana, msimning'inize kichwa chini atoe maji. Mnapoteza dakika zake. Mpulizieni pumzi kwanza, kisha bonyezeni kifua. Ukichoka, mwenzako apokee palepale, msiache hata sekunde 10 zipite mikono ikiwa imeondoka kifuani.