Je, wajua kwa nini vyura wa Kihansi walipandishwa ndege hadi New York?

Chura wa Kihansi akikalia kidole gumba chako, nafasi inabaki. Mwili wake haufiki sentimita tatu, rangi yake ni njano ya dhahabu. Vyura wengi hutaga mayai yakatoka viluwiluwi. Huyu hana habari hizo. Jike huzaa vyura kamili, kila mmoja na urefu wa milimita tano hivi, sawa na punje ya mchele.

Hadi mwaka 1996 sayansi haikumjua. Mwaka huo watafiti waliokuwa wakikagua mazingira ya mradi wa umeme kwenye Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, walimkuta kando ya maporomoko. Duniani kote hakuwa na makazi mengine. Eneo lake zima lilikuwa kama hekta mbili, yaani halijazi viwanja vitatu vya mpira, na humo waliishi kwa maelfu.

Kwa nini hapo tu? Ni manyunyu. Mto ulipojitupa korongoni, maji yalipasukia mwambani na vumbi lake likajaa hewani usiku na mchana. Majani na vimea laini vya pale vililowa mwaka mzima. Chura yeyote hunywa kwa ngozi, na kwa sehemu hupumua kwa ngozi hiyohiyo. Ya huyu ilizoea unyevu usiokatika. Kwake yeye, nje ya manyunyu ni jangwa, hata kama wewe ungeona msitu wa kijani.

Mwaka 2000 ulipoingia, bwawa lilikuwa limeanza kazi. Takriban asilimia 90 ya maji yalielekezwa kwenye handaki, kwenda kuzungusha mitambo yenye uwezo wa megawati 180. Aliyewahi kuishi na mgawo wa umeme hatakuwa mwepesi wa kulaumu. Lakini maporomoko yalinywea, manyunyu yakakoma, mimea ikaanza kukauka.

Ndipo mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 wakakusanywa na kupelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Baadaye bustani ya Toledo, Ohio, nayo ikawapokea. Ukidhani kufuga kiumbe mdogo hivyo ni kazi nyepesi, hukuwaona walezi wao. Vyura walikufa kwa minyoo ya mapafu, kwa maambukizi, kwa lishe pungufu. Kufikia 2004 walibaki chini ya 70. Ilibidi kujifunza upya kila kitu: taa ya namna gani, mdudu wa ukubwa gani, unyevu kiasi gani.

Kule korongoni nako watu hawakukaa bure. Mwaka 2001 yalitandazwa mabomba ya kunyunyiza maji, kuigiza maporomoko. Na yalifaulu! Katikati ya 2003 vyura walihesabika tena kwa maelfu. Miezi michache baadaye walibaki wachache mno. Kuvu aitwaye kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura, alikuwa ameingia. Wapo pia walioshuku viuatilifu vilivyoteremka na tope bwawa lilipofunguliwa. Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, likatangaza kwamba ametoweka porini.

Waliobaki ni wale wa kwenye masanduku ya vioo Marekani, ambao kwa wakati huo walikuwa wameanza kuzaana vizuri. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi nyumbani, wakapokewa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Desemba 2012 wa kwanza wakaachiwa korongoni. Kabla yao, hakuna amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kisha akarudishwa kwenye makazi yake ya asili.

Safari ya ndege ndiyo iliyopata sifa magazetini, ila mimi naona habari kubwa ni mabomba. Chura unaweza kumfungia kwenye kisanduku ukampeleka ng'ambo; manyunyu hayafungiki. Kwa hiyo bwawa linapaswa kuachia sehemu ya maji yashuke mtoni, na mabomba yafanye kazi iliyokuwa ya maporomoko, kila siku, masika na kiangazi. Tundu zikiziba, lazima mtu apande mwambani akazizibue.