Ufufuo haukutungwa Nisea

Kila Pasaka ikikaribia naona hii inazunguka tena, eti habari ya Yesu kufufuka ilitungwa na mfalme Konstantino wa Roma na maaskofu kwenye mtaguso, yaani mkutano wao mkuu, kule Nisea mwaka 325. Hapana jamani. Nisea waligombania mafundisho ya padre mmoja aitwaye Ario, yaani kama Mwana ni sawa na Baba au aliumbwa, halafu wakakubaliana Pasaka iadhimishwe siku moja na Wakristo wote, sasa hiyo sikukuu ingekuwepo vipi kama ufufuo ulikuwa haujaanza kuaminiwa? Paulo aliwaandikia Wakorintho katikati ya miaka ya 50, miaka 270 hivi kabla ya mtaguso huo, na kwenye sura ya 15 anawaambia amewapa kile alichopokea na yeye: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, yaani Petro, na wale Thenashara, mitume kumi na wawili. Hilo neno kupokea ndo la kuliangalia sana, manake watu walishakuwa wanayakariri maneno hayo kabla barua haijaandikwa, na Injili ya Marko yenyewe wataalamu wengi wanaiweka karibu na mwaka 70.

Kuna na wanaodhani ufufuo ni roho kwenda mbinguni mtu akifa. Misibani tunasema hivyo sana, lakini Wayahudi walioamini ufufuo walimaanisha mwili. Soma 2 Wamakabayo sura ya 7, kwenye Biblia yetu ya Kikatoliki, ndugu saba wanateswa mpaka kufa kwa kushika sheria ya Mungu. Yule wa tatu anaambiwa atoe ulimi ukatwe, anautoa palepale, ananyoosha na mikono bila woga, anasema viungo hivi nimepewa na mbingu na natumaini kurudishiwa. Mikono hiyohiyo! Mimi hapo huwa nanyamaza kidogo. Ila sio Wayahudi wote, Masadukayo, kundi moja la Wayahudi wa wakati wa Yesu, walikataa katakata.

Kilichokua polepole ni swali la mwili wa aina gani. Paulo anachukua mfano wa mbegu, unafukia chembe inaota kitu kingine, "hupandwa mwili wa asili, hufufuliwa mwili wa roho". Karne ya 2 wakatokea waliosema mwili ni kitu duni hauwezi kuokolewa, ndo askofu Ireneo wa Lyon na baadaye mwandishi Mkristo Tertuliano wa Karthago wakakaza kwamba ni nyama hiihii, na Kanuni ya Imani ya Mitume kwa Kilatini imetumia neno la nyama kabisa, ambalo sisi Wakatoliki tunalisali hivi: ufufuko wa miili.